Mafunda Mawili ya Maji ya Miwa

Mama mkwe wangu tulimzika kijijini kwake Mghange siku ya Alhamisi, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye mahindi, na baada ya mazishi wanawake walijaa jikoni mwake kuosha sufuria na kusema yale ambayo hayasemwi mbele ya mchungaji. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango nikimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyenituma kumenya. Ndipo msichana mmoja aliyeolewa ng'ambo ya kilima akaja akachutama mbele yangu, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na bandeji jichoni. Sikuhitaji kuambiwa. "Mama Mghoi," akasema kwa sauti ya chini, "wamesema wewe ndiye unajua. Hiyo dawa ya kansa wanapitisha kwa paja mpaka ifike kwa jicho. Ni salama?" Ni miaka kumi na miwili sasa akina mama wananiuliza swali hilo, na sidhani nimewahi kulijibu mara mbili kwa namna moja. Nikamwambia asubiri nimalize vitunguu. Kila nikitaka kulijibu lazima kwanza nirudi mwaka ule, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, mama wa mtoto mmoja, mjuaji wa kila kitu. Leo nina thelathini na minne, na wakubwa wangu hucheka wakinisikia nikisema "ujana wangu". Wacheke tu. Ujana wangu uliisha mwaka ule, na nilikuwepo ukiisha.

Tulikuwa tukiishi Voi, mtaa wa Sofia, chumba kimoja cha mabati kilichogeuka tanuri ikifika saa nne asubuhi. Kitanda upande huu, jiko upande ule, na katikati pazia la maua ambalo Mghoi, binti yetu, alipenda kujifunika nalo kichwa. Alikuwa na miaka miwili na kitu, na jicho moja. La kushoto lilikuwa limeshatolewa Nairobi miezi minane kabla, baada ya kuonekana weupe ndani ya mboni, ule unaong'aa kama jicho la paka likimulikwa. Daktari alisema ni saratani, imejaa, na jicho likikaa litamwua mtoto. Nikatia sahihi siku hiyo hiyo. Baba Mghoi, fundi wa reli, alikuwa kazini, akasema kwa simu, "Fanya vile daktari anasema." Mama yake tulijaribu kumpigia mara mbili, alikuwa Mghange akivuna maharagwe, simu haina chaji. Alijua mtoto aliporudi na pamba usoni. Alimpakata, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Hata kuku hachinjwi kwetu bila mwenye boma kujua." Basi. Hakusema lingine. Akapika, akala nasi, akacheka na mtoto, akarudi kwake na kikapu chake.

Ule ukimya ndio uliomtia mume wangu wasiwasi. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, wazazi wangu walitoka magharibi, na kwetu mtu akikasirika kijiji kizima kinajua. Mume wangu akanieleza mambo ya kwao. Kwa Wadawida, alisema, anayepiga kelele si wa kuogopwa. Wa kuogopwa ni mtu wako wa karibu aliyekasirika akanyamaza, maana hasira iliyofungiwa moyoni inaweza kumgusa mtoto akaugua, hata kama mwenye hasira anampenda mtoto huyo kufa. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira anachukua funda la maji au maji ya miwa, anayapuliza nje kama manyunyu, na anataja lililokuwa moyoni ili litoke na lisirudi. Nilicheka. Nilimwuliza kama mama yake, mwimbaji wa kwaya ya kanisa, anaamini hayo. Akasema, "Kanisa ni la kuomba. Hii ni ya kusafisha." Nikacheka tena, lakini kidogo.

Kisha jicho la kulia, ambalo tangu mwanzo lilikuwa na vivimbe viwili vidogo, likaanza vituko. Mtoto alikuwa amepitia kemo, dawa ya kansa, mara sita, ile ya kawaida ya kutundikiwa chupa. Nywele zilikwisha, kinywa kikawa vidonda, na vivimbe vikanywea. Tukamshukuru Mungu kanisani, nikavaa kitenge kipya. Miezi mitatu baadaye kimoja kikaanza kukua tena. Daktari wa macho, mwanamke mrefu asiyekuwa na haraka, alinikalisha na kunichorea kwenye karatasi: mguu wa mtoto, kiuno, shingo, jicho, na mstari mmoja wa wino unaotoka pajani mpaka kwenye jicho. "Kemo ya kwanza ilizunguka mwili wote," akasema. "Ni kama kunyunyizia shamba lote dawa sababu ya mdudu mmoja. Hii tunapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu, tunafika mlangoni kwa huyo mdudu, tunaiweka hapo." Nilitazama ule mstari. Nilielewa kila neno na sikuelewa kitu. Mbona mtu aende jichoni kwa kupitia mguuni? Nikauliza swali ambalo sasa naulizwa mimi: ni salama?

Akaweka kalamu chini. "Mama, ni salama kuliko vile watu huogopa, na si salama vile mzazi hutaka." Kisha akahesabu kwa vidole, polepole. Kope inaweza kuvimba ifunge jicho kwa siku nyingi. Damu inaweza kukosa nguvu ya kupigana na magonjwa. Presha inaweza kushuka ghafla pale mezani mrija ukikaribia jicho. Mshipa wa jicho unaweza kuziba, uvimbe ukafa na jicho nalo likawa giza. Na mara chache sana, lakini hawezi kunificha, kiharusi. "Na tusipofanya?" nikauliza. "Tunatoa jicho. Uhai wake tunautunza vizuri zaidi hivyo, lakini hataona tena. Na tukiliacha jicho na dawa ishindwe, lazima tulitoe haraka kabla ugonjwa haujatoka nje." Nilirudi Voi na karatasi ile, na kila aliyeiona alisoma kitu chake. Jirani upande wa kulia wa ukuta wa mabati nilimsikia akimwambia mumewe, "Watoto wa maskini wanafanyiwa majaribio." Jirani wa kushoto alisema kama angekuwa yeye angeshaenda jana. Mchungaji alisema Mungu hutumia madaktari. Shemasi wake, tukiwa tunatoka, akaninong'oneza kuwa Mungu hahitaji madaktari. Baba Mghoi alisema, "Wewe ndiye ulisikia kwa masikio yako." Nikawa nalala na uamuzi mmoja na kuamka na mwingine. Hakuna aliyekuwa ananidanganya, hilo ndilo lililonichanganya zaidi.

Safari hii nilimpelekea mama mkwe karatasi mwenyewe, nikapanda Mghange. Alivaa miwani, akafuata mstari wa wino kwa kidole, akafika jichoni akarudi tena pajani. "Njia ni ndefu," akasema. Kisha: "Nitakuja na nyinyi." Nilijua anakuja kufanya nini, kwa sababu alikata miwa miwili nyuma ya nyumba, akaitwanga kwenye kinu, akakamua maji yake akatia kwenye chupa ya soda.

Nairobi tulilala kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, karibu na hospitali, chumba chenye vitanda vitatu na dirisha linaloangalia ukuta. Nesi alikuwa ametuambia, na kurudia, mtoto asile chochote tangu usiku, na asubuhi asinywe hata maji. Asubuhi hiyo Mghoi alilia kiu tangu alfajiri. Nilimbembeleza, nikambeba, nikamwimbia, mwisho nikamwachia nyanyake nikaenda kuoga, maana nilitaka na mimi nilie mahali pasipo na mtu. Niliporudi mtoto alikuwa ametulia kabisa. Paji la uso lake lilikuwa na manyunyu, nguo imelowa kifuani, na nilipomwinua nikasikia kwenye pumzi yake harufu tamu ya muwa ulioanza kuchachuka. Nikamwangalia mama mkwe. "Nimetoa yangu yote," akasema, uso umemng'aa. "Ile ya siku ya jicho la kwanza. Nimeitaja, nimeitupa." Nikauliza, "Na amekunywa?" Akasema, "Mafunda mawili tu. Alikuwa anasikia kiu. Na baraka haikai juu ya ngozi peke yake."

Daktari anayefanya kazi hiyo alikuwa anakuja siku moja tu kwa wiki. Uvimbe ulikuwa unakua. Nilikuwa nimeshamaliza miezi ya kuamua, na nilijua nikirudi Voi sitaamua tena. Mafunda mawili, nikajiambia, ni nini? Ni maji. Mama mkwe naye alishaanza kuelewa kutoka usoni mwangu, akasema, "Tutasema?" Nikamwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kumtumia mtu mzima, "Wewe nyamaza." Tukaenda. Nesi wa mapokezi akampima mtoto uzito, akauliza bila kuinua kichwa, "Amekula ama kunywa kitu tangu jana?" Nikasema, "Hapana." Neno lilitoka jepesi. Akaandika.

Kwenye mlango wa thieta, chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi alikuja kumchukua mtoto, kijana mwenye kofia ya kijani yenye picha za samaki ili watoto wasiogope. Akauliza tena swali lile lile. Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, mama mkwe alipita mbele yangu, akavua kitambaa cha kichwa kama mtu anayeingia msibani, akasema, "Mimi nimempa. Maji ya miwa. Saa kumi na mbili. Huyu msichana hana makosa." Kijana yule akanitazama mimi, si yeye. Akasoma fomu. Hakunifokea, na laiti angenifokea. Akasema tu, "Mama, akilala na kitu tumboni anaweza kutapika bila kujua, kiingie kwa mapafu. Hiyo ndiyo ingemwua, si kemo." Akampapasa Mghoi shavuni, akasema turudi wiki ijayo, akaenda kumwita mtoto aliyefuata kwenye orodha.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa miezi mitatu nikiuliza watu kama ile dawa ni salama, kumbe siku hiyo kitu cha hatari kuliko vyote kwenye hospitali ile kilikuwa mimi. Hilo nalijua leo. Siku ile sikulijua hata kidogo. Nilijua tu kwamba nina hasira na mwanamke yule mpaka meno yananiuma. Wiki nzima tuliishi chumba kimoja bila mimi kumsemesha. Alikuwa akitafuta mihogo sokoni, akaazima jiko la nyumba ya wageni, akapika kimanga, anaponda mihogo na maharagwe mpaka mkono unachoka, anaweka sahani yangu kitandani. Nilikula, kwa sababu nilikuwa na njaa, na nilimchukia kwa kuwa kitamu. Kupitia mlango nilimsikia akiongea na mwanawe kwa simu, Kidawida cha haraka, nikasubiri kusikia jina langu likichafuliwa. Nilichoambulia, kwa Kidawida changu cha kuombea maji, ni kwamba anamsihi asinigombeze.

Siku moja kabla ya kurudi thieta alikaa mbele yangu na kikombe cha maji. "Mama Mghoi," akasema, "mimi yangu ilitoka. Sasa iko kwako. Naiona. Na mtoto anaingia kesho." Nikamwambia mimi si Mdawida, mambo hayo siyajui. "Maji hayajui kabila," akasema. "Vuta, puliza, sema." Nilikuwa na aibu, na uchovu, na hofu kwamba kama kuna hata chembe ya ukweli hapo nitakuwa nimemnyima mtoto wangu kwa kiburi. Sijui nilikuwa naamini nini. Nikavuta funda la maji. Sikujua kupuliza, yakanimwagikia kidevuni na kifuani, na Mghoi, ambaye jicho lake lilikuwa bado linaona karibu, akacheka mpaka akaketi chini. Nikavuta tena. Nikasema nimemkasirikia yeye kwa kumnywesha mtoto. Nikasema nimemkasirikia mwanawe kwa kuniachia kila kitu. Halafu nikajisikia nikisema, kwa lugha ya mama yangu ambayo hakuna mwingine chumbani aliyeijua, kwamba nilidanganya, nilitaka kumwingiza mtoto mle ndani na uongo, na kwamba hiyo ndiyo hasira yenyewe. Mama mkwe hakuelewa neno. Akaitikia kama aliyeelewa.

Kesho yake nesi alipouliza nilijibu kabla hajamaliza swali. Walikaa naye kwa muda wa saa tatu. Presha ilishuka, kama tulivyoonywa, wakasimama, wakasubiri, ikapanda, wakaendelea. Haya daktari alinieleza baadaye kwa utulivu wake ule. Kwa saa sita mguu wa Mghoi haukutakiwa kukunjwa ili mshipa usivuje damu. Nyanyake aliushika gotini kwa viganja viwili, saa zote sita, akikataa nimpokee. Tukaruhusiwa kurudi nyumba ya wageni. Siku ya tatu kope ikavimba, ikawa nyekundu, ikafunga kabisa. Nikambeba mbio mpaka kliniki. Daktari akaifungua kwa vidole na taa yake, akaona uvimbe umepauka. "Dawa imefanya kazi," akasema. "Na anaona?" nikauliza. Akasema mboni inaitikia taa vizuri kiasi, lakini mtoto mdogo hawezi kusoma herufi ukutani. Tusubiri kope ishuke tuone.

Nilimaliza vitunguu, nikamwambia yule msichana wa ng'ambo ya kilima hivi: uliza maswali yote, usione haya, na wakikuuliza wewe, jibu ukweli hata kama utafukuzwa mlangoni. Nikamwambia hatari zile tano nilizohesabiwa, kwa vidole. Nikamwambia kuna watoto nimewaona wakipona, na mmoja nimemwona ambaye dawa ilimshinda jicho likatolewa, yuko darasa la sita na anajua kuimba. Alitaka ndiyo au hapana. Niliona anavyotaka, maana na mimi nilitaka vivyo hivyo. Akashika mikono yangu inayonuka vitunguu, akaondoka amechanganyikiwa zaidi ya alivyokuja, na sikuona njia ya kumsaidia kwa hilo.

Kule Nairobi kope ilikaa imefungwa kabisa siku sita. Mghoi alijifunza chumba kile kwa mikono: kitanda, kitanda, mlango, goti la nyanya. Siku ya saba ilianza kulegea, ukaonekana uzi mwembamba wa jicho, na mimi nikaanza mitihani yangu ya kijinga. Nilimwonyesha kijiko akakishika. Lakini kilikuwa kimegonga kikombe. Nilimwonyesha biskuti akaichukua; lakini karatasi ililia. Nilisimama mlangoni kimya akaniita mama. Lakini huenda alinisikia nikipumua au alinusa sabuni yangu. Kila nilipopata furaha niliikagua mpaka ikafa. Mama mkwe hakumpima. Siku ya kumi asubuhi alikaa kimya kwenye kitanda cha mbali, karibu na dirisha, mikono mapajani. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nimempakata mtoto, nakoroga uji na kumhesabia mwanamke yule makosa yake kichwani, maana hasira hutoka lakini mizizi yake hubaki. Mghoi akaacha kucheza na kitufe cha nguo yangu. Akainua kichwa juu ya bega langu, akakiinamisha upande kidogo, kama mtu anayechungulia chini ya pazia.

"Mama," akasema, "Nyanya analia."

Niligeuka. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni, na hakuwa ametoa sauti yoyote, hata ya pumzi. Nilikuwa nimekaa naye chumba kimoja asubuhi nzima, na macho yangu yote mawili, na sikuwa nimeona.